Chumvi ipi inafaa tangi la matumbawe: yenye alkaliniti ya juu au inayokaribia bahari?

Pweza Mgeni

Wapenzi wa matumbawe, salaam.

Nina tangi lenye maji yapatayo lita 200, ukiondoa nafasi inayochukuliwa na mawe na mchanga, na sasa limetimiza mwaka mmoja na nusu. Humo mna matumbawe laini mengi, zoantidi (viumbe jamaa ya matumbawe), Euphyllia mbili, na tangu miezi sita iliyopita nimeongeza Montipora moja pamoja na vijitawi vitatu vya Acropora; aina hizi tatu za mwisho ni matumbawe yanayojenga mifupa migumu. Mara moja kwa mwezi hubadilisha nusu ya maji, yaani lita 100, kwa sababu nimeona ni nafuu kufanya kazi hiyo kwa mkupuo kuliko kuchafua sakafu kila wiki.

Chumvi ninayotumia ni ile iliyokolezwa kwa ajili ya matumbawe. Kwenye ndoo imeandikwa kwamba, maji yakiwa na chumvi sehemu 35 kwa 1,000, alkaliniti (akiba ya kaboneti ambayo matumbawe hutumia kujenga mifupa) itakuwa 10.5 dKH, yaani digrii za kipimo chake, kalsiamu miligramu 435 kwa lita, na magnesiamu 1,340. Mimi nikipima maji mapya napata alkaliniti 11.4, kalsiamu 470 na magnesiamu 1,450, na nakiri kwamba mwanzoni nilifurahi nikidhani nimepewa nyongeza ya bure.

Kinachonisumbua ni hiki: siku ya pili au ya tatu baada ya kubadilisha maji, ncha za Acropora hupauka kana kwamba zimechovywa katika chokaa, na Euphyllia hujikunja kutwa nzima. Kabla ya kubadilisha maji, alkaliniti ya tangi huwa 8. Baada ya kubadilisha huwa 9.7. Naitreti, kirutubisho kinachotokana na uchafu wa samaki na chakula, haionekani kabisa kwenye kipimo. Refraktomita, kifaa changu cha kupima wingi wa chumvi kwa namna maji yanavyopinda mwanga, inaonyesha chumvi 35, tangini na katika maji mapya vilevile. Mwenzangu mmoja ananiambia nihamie chumvi ya kawaida inayokaribia maji ya bahari. Mwingine anasema matumbawe yangu yana njaa ya madini, hivyo nitafute chumvi yenye nguvu zaidi ya hii. Nimfuate nani?

---

Kasa Mkongwe

Ndugu Pweza Mgeni, asante kwa kuleta swali likiwa na namba zake, maana wengi huleta picha ya tumbawe lililopauka na kutuachia kazi ya kupiga ramli.

Tuanze na bahari yenyewe. Maji ya bahari yenye chumvi 35 huwa na alkaliniti inayokaribia 7 dKH, kalsiamu kati ya 410 na 420, na magnesiamu kati ya 1,280 na 1,350. Matumbawe yaliishi na hesabu hiyo kabla ya ndoo ya kwanza ya chumvi kutengenezwa. Watengenezaji wakaigawa bidhaa yao katika makundi mawili. Kundi la kwanza hujitahidi kuiga bahari. La pili hupandisha alkaliniti na kalsiamu, kwa hoja kwamba matumbawe yanayojenga mifupa huyatumia madini hayo kila siku, na kwamba kila unapobadilisha maji unarudisha kilicholiwa. Mara nyingi utakuta kampuni moja inauza za aina zote mbili. Red Sea wana chumvi yao ya kawaida na ile ya Coral Pro iliyoinuliwa. Watengenezaji wa Instant Ocean wanayo pia Reef Crystals yenye kalsiamu zaidi. Kwa hiyo kuuliza ni kampuni gani iliyo bora hakutakusaidia sana. Uliza ndoo iliyo mkononi mwako ni ya kundi gani, na tangi lako linaishi kwenye namba ipi.

Sasa tazama hesabu yako. Tangi liko 8, maji mapya yako 11.4, nawe unabadilisha nusu. Nusu ya 8 ni 4, nusu ya 11.4 ni 5.7, jumla 9.7, ndiyo hiyo uliyoipima. Alkaliniti imeruka kwa 1.7 ndani ya saa moja. Acropora haipendi mruko wa namna hiyo, na wafugaji wengi wameona kwamba ncha huungua kwa urahisi zaidi pale alkaliniti inapokuwa juu huku naitreti na fosfeti zikiwa karibu na sufuri. Tumbawe husukumwa kujenga mfupa upesi kuliko nyama inavyoweza kuufunika.

Ushauri wangu: hamia chumvi yenye alkaliniti ya 7 au 8, na mlishe samaki vizuri zaidi ili naitreti ionekane walau kidogo. Huyo anayekwambia utafute chumvi yenye nguvu zaidi, mshukuru kwa nia njema na uishie hapo.

---

Chaza

Nakubaliana na maelezo ya Mzee Kasa kuhusu mruko, ila kabla hatujaihukumu chumvi naomba turudi kwenye zile namba za ndoo, kwa kuwa kuna jambo limejificha pale.

Chukua 11.4 ugawe kwa 10.5. Gawa 470 kwa 435. Gawa 1,450 kwa 1,340. Mara zote tatu unapata kitu kinachokaribia 1.08. Kosa la kipimo kimoja lingeweza kukupa alkaliniti ya juu peke yake, na kasoro ya kiwandani ingeweza kukupa kalsiamu nyingi peke yake, lakini vitu vitatu vinavyopimwa kwa vifaa vitatu tofauti haviongezeki kwa uwiano uleule bila sababu moja. Sababu hiyo ni kwamba umeweka chumvi nyingi kuliko unavyodhani. Nyongeza uliyodhani ni ya bure umeichota wewe mwenyewe kutoka ndani ya ndoo.

Hoja hii ina historia nzuri. Meli ya Challenger ilipozunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876, ilirudi na chupa za maji kutoka sehemu nyingi, na mkemia William Dittmar akachambua sampuli 77 na kuchapisha matokeo mwaka 1884. Aligundua kwamba maji ya bahari yanaweza kuwa na chumvi nyingi au kidogo kutegemea mahali, lakini uwiano wa madini makuu ndani ya chumvi hiyo karibu haubadiliki. Nasi tunaweza kuutumia ujuzi huo kinyumenyume: madini yote yakipanda kwa uwiano mmoja, tazama wingi wa chumvi kabla ya kuitilia shaka chumvi yenyewe.

Swali langu kwako ni hili: refraktomita yako uliirekebisha kwa kitu gani? Ikiwa ulidondosha maji yaliyochujwa na kuzungusha skrubu hadi mstari usome sufuri, basi una hakika na sufuri tu. Nyingi ya refraktomita za bei ya chini hupotoka kadiri unavyopanda kwenye ngazi, na baadhi hata hazikutengenezwa kwa maji ya bahari bali kwa maji ya chumvi tupu, ambayo hupinda mwanga kwa kiasi tofauti kidogo. Tafuta kimiminika cha kurekebishia chenye chumvi 35, kiache kifikie joto la chumba sawa na kifaa, dondosha matone mawili matatu, funika, subiri dakika moja, kisha utuambie umeona nini.

---

Kiti cha Pweza

Nina jambo moja tu, nalo linahusu namna ya kuchanganya. Je, hita na pampu ya pipa unalochanganyia zina utando mweupe mgumu unaokwaruza kidole? Kama upo, udondoshee siki. Ukitoa povu, hiyo ni kaboneti ya kalsiamu, maana yake sehemu ya alkaliniti na kalsiamu uliyolipia imeganda kwenye hita badala ya kufika tangini.

Chumvi zilizokolezwa zina udhaifu huu kuliko zile zinazoiga bahari, kwa kuwa zimejazwa karibu na kikomo cha kile ambacho maji yanaweza kubeba. Mwaga chumvi ndani ya maji yanayozunguka, kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya chumvi, kwa sababu matone ya kwanza yatakuwa makali mno na chokaa itajitenga palepale, nayo ikishajitenga haiyeyuki tena kwa kukoroga. Usipashe maji joto kupita lile la tangi. Usiyaache yakizunguka siku tatu. Wapo watengenezaji wa chumvi za namna hii wanaoandika wazi kwenye maelekezo kwamba maji yatumike ndani ya saa chache, na maandishi hayo kwa kawaida yako upande wa ndoo ambao hakuna anayeusoma.

Mimi mwenyewe niliwahi kuchota chumvi juu juu ya ndoo kwa miezi kadhaa nikipata alkaliniti ya chini, kisha nilipofika katikati ikapanda ghafla. Punje za ukubwa tofauti zilikuwa zimetengana njiani wakati ndoo ikisafirishwa. Siku hizi nikifungua ndoo mpya huilaza kwanza na kuiviringisha sakafuni mara kadhaa, tena hupima chumvi kwa mizani na siyo kwa kikombe, kwani kikombe cha chumvi iliyonyonya unyevu si sawa na kikombe cha chumvi kavu.

---

Dagaa

Samahani kwa kuingilia. Ikiwa lengo ni kuiga bahari, kwa nini tusitumie chumvi iliyokaushwa kutoka baharini moja kwa moja? Si ndiyo bahari yenyewe?

---

Kasa Mkongwe

Ndugu Dagaa, hujaingilia. Wengi wanalifikiria jambo hilo bila kuliuliza.

Maji ya bahari yanapokauka hayaachi chumvi zake zote kwa pamoja. Kaboneti ya kalsiamu hujitenga mapema, ikifuatiwa na jasi, na ile chumvi tunayoijua ya mezani huanza kuganda maji yakiwa yamepungua hadi takriban sehemu moja ya kumi ya ujazo wa awali. Sehemu kubwa ya magnesiamu na potasiamu hubaki katika yale maji machungu ya mwisho ambayo wavunaji wa chumvi huyamwaga. Kwa hiyo unachokivuna ni sodiamu kloridi karibu tupu, na hata ungekusanya kila punje, chokaa iliyoganda haitakubali kuyeyuka tena kama ilivyokuwa. Chumvi ya ndooni hutengenezwa kwa namna ambayo kila kiungo kinaweza kurudi majini. Chumvi ya jikoni iache jikoni, hasa ile iliyotiwa kemikali za kuizuia isigandamane.

---

Pweza Mgeni

Nimerudi, na nimerudi na aibu kidogo.

Nimepata kimiminika cha chumvi 35. Refraktomita yangu, ambayo kweli niliirekebisha kwa maji yaliyochujwa tu, ilisoma 32. Nilirudia mara tatu, nikafuta kioo kwa kitambaa laini kila mara, na mstari wa buluu ukasimama palepale kwenye 32. Ina maana nilipokuwa nikiona 35, chumvi halisi ilikuwa karibu 38, na hilo limekuwa hivyo tangu nilipoanza. Utando mweupe kwenye hita upo pia; siki imetoa povu. Nilikuwa nachanganya jioni na kuacha hita kwenye digrii 28 hadi asubuhi, ilhali tangi liko digrii 25.

Sasa nifanye nini kwanza, na je, bado nibadilishe chumvi? Ndoo imebaki zaidi ya nusu.

---

Chaza

Hakuna aibu hapo. Ungetafuta sana mfugaji ambaye refraktomita haijawahi kumdanganya.

Kwanza shusha chumvi ya tangi, ila polepole. Kutoka 38 hadi 35 unahitaji kutoa maji ya tangi yapatayo lita 16 na kuweka maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi mahali pake. Usifanye kwa siku moja. Toa lita 2 na robo kila siku kwa siku 7, na usihesabu humo maji ya kufidia yale yanayovukizwa, kwa kuwa hayo hurudishwa kama kawaida. Ukimaliza, kila kitu kitakuwa kimeshuka kwa uwiano ule ule: alkaliniti uliyokuwa ukiisoma 8 itasomeka karibu 7.4, kalsiamu na magnesiamu nazo zitarudi mahali pa kawaida. Usishtuke ukakimbilia kuongeza dawa.

Kuhusu chumvi, nimekaa na namba zako nikaona kwamba mwezi mzima matumbawe yako hutumia alkaliniti 1.7 tu, maana tangi hupanda hadi 9.7 na kurudi 8 kabla ya mabadiliko yanayofuata. Hiyo ni takriban 0.4 kwa wiki. Matumizi madogo kama hayo yanaweza kulipwa na chumvi peke yake bila chupa za nyongeza, mradi malipo yaje kidogo kidogo. Tumia ndoo hiyo hiyo, ichanganye hadi 35 ya kweli ambapo alkaliniti yake itakuwa 10.5 kama ilivyoandikwa, na badilisha lita 30 kila wiki badala ya lita 100 kila mwezi. Nimepiga hesabu: tangi litatulia likipanda na kushuka kati ya 7.8 na 8.2. Lita 30 ni ndoo mbili, na ndoo mbili hazichafui sakafu kama unavyohofia.

---

Kasa Mkongwe

Naomba kuondoa ushauri wangu wa awali, na nieleze kwa nini, ili mwingine asije akausoma nusu na kuufuata.

Nilimwambia ahamie chumvi ya 7 au 8. Nilitazama mruko nikasahau matumizi. Kwa chumvi ya 7.5, akiendelea kubadilisha nusu kwa mwezi na matumbawe yakaendelea kula 1.7, tangi lingeteremka mwezi hadi mwezi kuelekea 4. Hata kwa lita 30 za kila wiki lingeishia chini ya 5. Bila shaka matumbawe yangepunguza kukua kabla ya kufika huko, lakini hiyo si namna ya kumfariji mtu. Chumvi inayoiga bahari ni nzuri kwa anayeongezea alkaliniti na kalsiamu kila siku kwa njia nyingine, kwa sababu kwake maji mapya yana kazi ya kusafisha na kurejesha uwiano, wala hayatakiwi kusukuma namba popote. Kwa asiyeongezea kitu, kama ndugu yetu, chumvi iliyoinuliwa ndiyo inayomlisha tumbawe.

Mpangilio huu wa Chaza nao una mwisho wake. Vijitawi vitatu vya Acropora vikikua vikawa vichaka, matumizi yatafika 1 dKH kwa wiki, kisha yatapita hapo. Katika kiwango hicho, lita 30 za chumvi ya 10.5 haziwezi tena: hesabu inaonyesha tangi likiteremka kuelekea 4 vilevile. Jibu halitakuwa kutafuta chumvi yenye alkaliniti ya 13. Wakati huo utaanza kuongezea bikaboneti na kalsiamu kwa kipimo, ukikumbuka kwamba kwa kila 2.8 dKH ambazo tumbawe linatumia kujenga mfupa, hutumia pia takriban miligramu 20 za kalsiamu kwa kila lita ya maji. Hapo ndipo chumvi ya chini niliyoipendekeza kwa pupa itakapokuwa na maana.

---

Pweza Mgeni

Nimeelewa. Leo nimetoa lita 2 na robo za kwanza, hita ya pipa nimeishusha hadi digrii 25, na ndoo nimeiviringisha sakafuni huku watu wa nyumbani wakinitazama kama niliyerukwa na akili. Swali la mwisho: alkaliniti niipime lini, kabla au baada ya kubadilisha maji?

---

Chaza

Kabla, siku ile ile ya wiki na ikiwezekana saa ile ile, na uandike kwenye daftari. Ikiwa wiki baada ya wiki inasoma 7.8 au jirani yake, endelea na ndoo yako. Ikianza kusoma 7.6, kisha 7.3, kisha 7.1, ilhali refraktomita umeihakiki kwa kimiminika cha 35, ujue Acropora zimeshaanza kula kuliko ndoo mbili zinavyoweza kuleta.